Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu Anayeuguza Mke

Saa kumi alfajiri jiko la gesi huwa limekwisha kuwashwa nyumbani kwetu Kimara, kwa kuwa chakula cha mgonjwa kinatakiwa kifike wodini ndani ya muda wa asubuhi wa kuona wagonjwa, nami natakiwa niwe nimegeuka kurudi shuleni kabla kipindi changu cha kwanza hakijaanza. Hospitali hutoa chakula, tena si kibaya, lakini tangu mionzi ya kutibu saratani ianze kumsumbua tumbo, mke wangu anakubali vitu vichache sana: uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo, ndizi za kuchemsha, na mchuzi wa samaki uliochujwa. Mionzi inayolenga nyonga hupita pia kwenye utumbo, ndiyo maana mgonjwa huharisha, na mtaalamu wa lishe alituagiza tuweke kando maharage, pilipili, mboga zenye nyuzinyuzi nyingi na maziwa mpaka matibabu yatakapokwisha. Agizo hilo la maziwa limeniletea mgogoro na mama mkwe, ambaye amekuja kutoka Moshi kutusaidia watoto na anaamini, kama walivyoamini waliomlea, kwamba mtu aliyepungukiwa damu huinuliwa kwa mtori uliotiwa maziwa. Leo nimemkuta jikoni ameniwahi. Nimempa shikamoo, nimepokea mtori kwa mikono miwili, na nimeuacha mezani kwa ajili ya watoto.

Mke wangu anaugua saratani ya mlango wa kizazi, iliyogunduliwa ikiwa katika hatua ya pili B, maana yake imekwisha kutoka kwenye mlango wenyewe na kuingia katika tishu za pembeni. Mpango aliopewa ni wa kawaida kwa hatua hiyo: mionzi ya nje mara 25, siku 5 kwa wiki, pamoja na dripu la sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Wagonjwa wengi wa namna yake hutibiwa wakitokea nyumbani. Yeye alilazwa kwa sababu alikuwa akivuja damu, na kipimo cha wingi wa damu kilikuwa kimeshuka hadi 7, wakati madaktari hupenda mgonjwa wa mionzi awe juu ya 10, kwa kuwa seli za saratani zilizokosa oksijeni huivumilia mionzi kuliko zile zinazopata damu ya kutosha. Daktari aliongeza jambo ambalo tangu siku hiyo linaongoza ratiba yangu yote: matibabu haya yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki 8, na siku zinazopotea katikati hupunguza uwezekano wa kupona. Kwa hiyo nimejipa kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba hakosi siku ya mionzi kwa sababu ambayo mimi ningeweza kuizuia.

Saa kumi na moja na robo ninakuwa kituoni Kimara Mwisho nikiwa na kikapu chenye hotipoti, chupa ya uji na nguo safi. Mwendokasi wa alfajiri hujaa mapema, lakini mtu mwenye kikapu cha hospitali hupishwa. Dar es Salaam ina ukali wake, ila kikapu cha aina hiyo kila mtu anakijua. Kitu pekee ninachokichunguza angani ni wingu, kwa maana mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji na mabasi husimama, na siku ya namna hiyo inanibidi niondoke mapema zaidi nizunguke kwa daladala. Leo anga ni safi. Ninashuka Kivukoni, ninapanda bajaji, na ninamwambia dereva "Ocean Road", kama kila mtu anavyoiita hospitali hii ya saratani, ingawa barabara yenyewe imeitwa Barack Obama tangu 2013.

Saa kumi na mbili kasorobo ninaingia getini. Jengo la zamani lenye matao, ambalo Wajerumani walilifungua 1897, linatazama bahari, na mke wangu husema kwamba upepo wa pale ni nusu ya dawa. Wodi ya wanawake si mahali mwanamume anapopazoea kwa urahisi. Karibu kila kitanda kina dada, binti au mama wa mgonjwa, na mwanzoni wauguzi walikuwa wakiniuliza kwa upole, "Baba, hakuna ndugu wa kike?" Wapo. Shemeji yangu anaishi Mbagala na alijitolea tangu siku ya kwanza, na ndiye anayemwogesha pale ninapotakiwa kutoka nje ya pazia. Lakini sikukubali kumwachia yeye kila kitu huku mimi nikifika jioni kama mgeni mwenye mfuko wa machungwa. Ndugu mmoja wa kiume aliniambia kwamba ninajidhalilisha kubeba hotipoti kila asubuhi. Nikamjibu kwamba mwenye hotipoti ndiye anayejua mgonjwa amekula nini, na daktari akiuliza, jibu analo yeye.

Jibu hilo liko kwenye kaunta buku. Nimelipiga mistari kama daftari la maksi: tarehe, wingi wa damu, seli nyeupe, kreatinini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, maji aliyokunywa, mara alizotapika, na kama amepata mionzi au la. Leo ni siku ya sisplatini, dawa ambayo inaweza kuumiza figo, kwa hiyo dripu la maji ya chumvi hutangulia na jingine hufuata, na mkojo hupimwa kwa mililita. Muuguzi wa zamu ananisomea majibu ya jana: damu 10.4, kreatinini iko sawa, dawa itatolewa. Mke wangu ananitazama nikiandika, akiwa amelalia mto mmoja na kukumbatia mwingine, kisha anauliza, "Mwalimu, leo umenipa ngapi?" Ninamwambia amefaulu. "Basi nisomeshe kidato kinachofuata," anasema, na anakunywa vijiko vitano vya uji huku akinilaumu kwa chumvi.

Nywele zake zipo zote, jambo linalowashangaza wageni, ambao huja wakitarajia kumkuta na kipara na wakimkosa nacho huona kama ugonjwa haujawa mkubwa. Sisplatini mara nyingi haiondoi nywele zote, na mionzi hunyonyoa mahali inapopigwa tu. Alama ya kweli ya matibabu yake haionekani na wageni: ni mistari ya wino wa zambarau kwenye tumbo na ubavuni mwa nyonga, ambayo mafundi wa mionzi huitumia kumlaza pale pale kila siku, nayo hairuhusiwi kusuguliwa kwa sabuni wala dodoki. Wino huo huhamia kwenye kanga. Nimejaribu sabuni ya mche na nimejaribu Jiki, na sasa kanga zake zote zina doa moja mahali pamoja, kiunoni.

Kengele ya kutoka inalia saa moja. Saa mbili na nusu niko shuleni, upande wa Ubungo, na saa tatu ninasimama mbele ya kidato cha pili kufundisha milinganyo. Ninaweza kusema bila haya kwamba saa zile ni mapumziko, kwani ukikosea ubaoni unafuta. Mkuu wa shule aliisogeza ratiba ili vipindi vyangu vikae kati ya saa tatu na saa saba na nusu, na mwalimu wa fizikia amechukua zamu zangu za usimamizi wa mchana. Walimu wenzangu ndio waliochangia damu pale chupa zilipohitajika, na mmoja wao, mtu mwoga wa sindano kupita wote, alienda akiwa amefumba macho tangu mlangoni. Nyumbani tulikuwa tumemnywesha maji ya matembele na juisi ya rozela kwa wiki nzima. Siyapingi, ila damu yake ilipanda baada ya chupa zile za damu.

Wakati wa chai mwalimu wa kike ananivuta pembeni. Amesikia kwamba ugonjwa huu "unaletwa na wanaume" na anaogopa kuuliza vizuri. Ninamweleza kama nilivyoelezwa: chanzo ni kirusi kinachoitwa HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ambacho watu wengi hukipata na miili yao hukiondoa, na kwa wachache hubaki kimya kwa miaka mingi, hata kumi au zaidi, kabla ya saratani kutokea, kwa hiyo kutafuta nani alimletea nani ni kazi isiyo na majibu. Mimi na mke wangu tuliyamaliza mazungumzo hayo jioni moja na hatujayarudia. Kisha ninamuuliza kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi kwa ile njia ya kupakwa siki. Hajawahi, na ana miaka 38. Ninamwambia pia kwamba binti yetu amechanjwa shuleni. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Anasema ataenda Jumamosi. Nitamuuliza Jumatatu.

Saa tisa alasiri ninarudi hospitali, na hapa ndipo sehemu ngumu ya siku inapoanza, kwa sababu ya kibofu. Mgonjwa wa mionzi ya nyonga hutakiwa kuingia kwenye mashine akiwa na kibofu kilichojaa kiasi, ili kiusukume utumbo na kuutoa kwenye njia ya mionzi. Ni agizo jepesi kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtu aliyeshinda na dripu, mwenye kichefuchefu, anayehara na ambaye hajui foleni itaitwa saa ngapi, ni mtihani. Akinywa mapema, atashindwa kuzuia. Akichelewa, ataambiwa asubiri na wengine wapite. Tumepata utaratibu wetu: ninasimama mlangoni nikihesabu walio mbele yake, na wakibaki watatu ninamwonyesha ishara, naye anaanza chupa ya nusu lita kwa mafunda madogo huku akiitazama saa ya ukutani kwa chuki. Leo funda la nne limerudi. Amepangusa mdomo kwa pembe ya kanga, amenyamaza kidogo, kisha ameanza upya. Sikumwambia neno la kumtia moyo, kwa kuwa ananijua, na maneno ya kutiwa moyo humkasirisha wakati ule.

Akiingia, mlango mzito hufungwa na hakuna anayebaki naye ndani. Kazi ya mashine yenyewe ni ya dakika chache. Kwenye benchi ninakaa na mzee mmoja kutoka Mtwara, ambaye amepanga chumba Temeke kwa muda wote wa matibabu ya mkewe na ameacha korosho zake mikononi mwa watoto. Ameniuliza kuhusu bima. Mimi ni mtumishi wa umma, mfuko wa bima ya afya hukatwa kwenye mshahara, asilimia 3 yangu na 3 ya mwajiri, na mke wangu yumo kama mtegemezi. Yeye hana kadi. Tumekwenda pamoja mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, nimemsaidia kuandika barua, na kusema kweli nilijisikia vibaya kwa urahisi ambao kadi yangu inanifungulia milango.

Saa kumi na moja jioni dripu la mwisho linashuka na kutapika kunaanza, licha ya sindano ya kuzuia. Ninashika beseni, muuguzi anapima na kuandika, nami ninaandika. Katikati ya hayo simu inaita: ni mjomba wake kutoka kijijini, ambaye amepata mtu mwenye mizizi inayotibu saratani zote na anataka tumtoe mgonjwa kabla hajaunguzwa zaidi. Ninatoka ukumbini. "Shikamoo, Mjomba," ninaanza, na ninamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu anampenda. Kisha ninamweleza kwamba figo zinabeba dawa nzito na daktari amekataza mizizi ya aina yoyote, na kwamba akitaka kumsaidia mpwa wake, nauli ya kijana mmoja wa kuja kuchangia damu ingetufaa sana. Amekaa kimya kwa muda, halafu ameuliza kijana awe na umri gani.

Saa mbili usiku ninafika nyumbani. Majirani wawili wananisimamisha njiani: "Pole kwa kuuguza. Mgonjwa anaendeleaje?" Ninajibu kwamba anaendelea, kwa kuwa ndiyo kweli. Mtori umeliwa wote. Ninakagua madaftari ya watoto, ninaloweka kanga, na ninasahihisha mazoezi ya kidato cha pili mpaka macho yanapokataa.

Saa nne na robo anatuma ujumbe wa simu. Kichefuchefu kimepungua na amelala kidogo. Kesho hataki uji wa mchele hata kuuona. Anataka ndizi za kuchemsha zenye chumvi na ndimu, na chaja ya simu, na kanga ile ya kijani. Mama yake amempigia kulalamika kuhusu maziwa, naye amemwambia kwamba ni mimi ninayeyazuia, siyo yeye, na anaomba nisimuumbue.