Keneli ikishawaka, memori ya kuwashia inaenda wapi?

Kama unatumia Linux fungua teminali piga sudo dmesg | grep Freeing. Hiyo mistari yenye namba zinazoishia na K ni keneli (kiini cha mfumo endeshi, kinachosimamia hadiwea na memori) inakwambia imerudisha memori iliyoitumia kuwaka. Wengi wanaipita tu, mi naona ni moja ya sehemu tamu za keneli nzima.

Iko hivi, kuna kodi kibao za programu zinazofanya kazi mara moja tu, kutambua hadiwea, kupanga memori, kuamsha draiva (programu za kuendesha vifaa), baada ya hapo hazina kazi mpaka uwashe mashine tena. Waandishi wa keneli wanazibandika alama ya __init, linka (programu inayounganisha vipande vya kodi kuwa kitu kimoja) inazikusanya sehemu moja ili zije zing'olewe kwa mkupuo kama milunda zege likishakauka. Kung'oa ni rahisi, shughuli ni kujua kama hakuna aliyebaki juu. Draiva ikiwa bado imeshika anwani ya fanksheni ya __init, na ukurasa ule (kipande cha memori) kashapewa mwingine, siku ikiruka pale inatekeleza data ya watu kama amri, na hapo kutafuta chanzo utalia.

Ndo maana kabla ya free_initmem(), fanksheni inayong'oa yenyewe, kuitwa kuna async_synchronize_full(), inasubiri kazi zilizokuwa zinajiendea pembeni zimalize maana nazo zinaweza kuwa ndani ya __init bado. Kisha ftrace, zana ya keneli ya kufuatilia fanksheni zinazoitwa, inafuta orodha yake ya fanksheni hizo, na hii watu hawaiwazi kabisa: ftrace inabadilisha baiti ndani ya kodi, kwahiyo isipofuta itakuja kuandika kwenye memori ya mtu mwingine. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) kurasa zinanyang'anywa ruhusa ya kutekelezwa, zinajazwa 0xcc, ambayo kwa prosesa hizo ni amri ya int3, mtego unaomkamata anayeitekeleza. Ila hiyo sumu inadumu mpaka ukurasa upate mwenyewe mpya tu, usiitegemee sana.

Mlinzi wa kweli kwangu ni modpost, programu ya ukaguzi inayokuja na kodi ya keneli, inapiga kelele wakati wa kujenga keneli ikikuta kodi ya kudumu inaita ya __init. Zamani kulikuwa na __cpuinit pia, kwa ajili ya kuamsha CPU, wakaitoa 2013 kwenye toleo la 3.11 kwasababu CPU zinaweza kuzimwa na kuwashwa mashine ikiendelea kufanya kazi, faida ilikuwa kiduchu na watu walikuwa wanaikosea kila siku.