Kipimo kikisema hasi

Kisumu, Jumapili jioni, baada ya mvua

Kuna faili ambalo katika kanda yetu hufungwa mapema mno. Ni la mtoto aliyeugua nimonia akapona, akaugua tena. Amekonda, ana utando mweupe mdomoni, kuhara hakumwachi. Anapimwa virusi vya ukimwi, kama inavyopasa huku Nyanza, na kipimo kinarudi hasi. Wote wanashusha pumzi, mama anaambiwa amshukuru Mungu, na swali linakufa hapo. Utafiti wa kasoro za kinga za kurithi unaanzia kwenye hasi hiyo. Kinga yaweza kukosekana bila virusi kuila, kwa kuwa jeni moja tu ina hitilafu tangu tumboni, na jeni zinazojulikana kuleta hali hiyo zimeshapita 450.

Karatasi ya kwanza ya kutazama ni rahisi, na mara nyingi imo ndani ya faili tayari: hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe za damu. Kosa ni kusoma asilimia na kuacha hesabu. Chukua chembe nyeupe zote, zidisha kwa asilimia ya limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga. Chembe 6,000 kwa maikrolita moja, limfosaiti asilimia 20, unapata 1,200. Kwa mtu mzima hiyo ni hesabu ya kawaida. Kwa mtoto wa miezi mitatu ni jambo la kukuamsha usiku, maana umri huo tunatarajia zaidi ya 3,000. Lakini mashine isipopangiwa umri hulinganisha kila damu na ya mtu mzima, kwa hiyo karatasi hutoka bila alama yoyote na hakuna anayeshtuka. Rudia kipimo baada ya siku chache, kwa sababu malaria na maambukizo makali hushusha limfosaiti kwa muda. Picha ya eksirei isiyoonyesha kivuli cha tezi ya thaimasi (iliyo kifuani, zinamokomaa limfosaiti ziitwazo chembe T) haitoshi peke yake. Utapiamlo nao huinyausha tezi hiyo.

Kwenye nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza na kuua vijidudu, watu hukosea kwa upande wa pili. Wengi wetu tuna hesabu iliyo chini ya 1,500 bila ugonjwa wowote, kutokana na badiliko la jeni ya Duffy, lile lile linalowakinga Waafrika wengi dhidi ya malaria ya vivax. Mtoto mwenye 1,200 anayecheza, anayenenepa na asiye na majipu hahitaji kutobolewa uboho.

Kingamwili za IgG, protini za damu zinazokamata vijidudu, zina mtego wake. Za mama hupita kwenye kondo na hupungua kwa nusu kila siku 21 hivi, basi ukizipima kwa mtoto wa miezi miwili unampima mama. Ndiyo sababu wavulana wasiotengeneza kingamwili, ugonjwa alioueleza daktari Ogden Bruton mwaka 1952, huonekana wazima miezi ya mwanzo, kisha masikio na mapafu huanza kusumbua zile za mama zikiisha.

Lakini linalonikaa moyoni zaidi ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Hapa Kenya huchanjwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko, mililita 0.05 ndani ya ngozi, mtoto akishazaliwa. Ni bakteria hai iliyodhoofishwa, na kwa watoto karibu wote ni ngao ya kweli. Asisome mtu maneno haya akaacha kuchanja. Kwa mtoto asiye na chembe T, au ambaye kipokezi chake cha interferoni gama, ishara ya kuziamsha seli ziue bakteria, hakifanyi kazi (jeni yake ilitambuliwa kuwa chanzo mwaka 1996), bakteria hiyo haina wa kuizuia. Kidonda hakifungi. Tezi za kwapa la kushoto huvimba na kupasuka, kisha ugonjwa huenda kwenye ini, mifupa na ngozi. GeneXpert, mashine ya kutafuta DNA ya kifua kikuu, itasema kuna kifua kikuu, kwa kuwa haiitofautishi BCG na bakteria wenyewe wa kifua kikuu. Mtoto ataanzishiwa dawa, na mojawapo itakuwa pirazinamidi, ambayo BCG kwa maumbile yake haidhuriki nayo. Uvimbe mdogo unaopoa wenyewe hutokea hata kwa mtoto mwenye afya. Ule wa upande wa chanjo unaozidi kukua, pamoja na homa na kukonda, usiandikiwe kifua kikuu na kuachwa hapo. Chembe T zihesabiwe. Mashine za kuhesabu CD4, aina mojawapo ya chembe T, zilizoletwa kwa ajili ya ukimwi zinatosha kuanzia, ila kwa mtoto mchanga usome ukiwa na viwango vya umri wake mkononi.

Kuuliza habari za ukoo nako ni kipimo, na kina ufundi. Ukiuliza kama kuna ugonjwa katika familia utajibiwa hapana. Uliza mama amezaa mara ngapi, wangapi wako hai, walioaga walikuwa wavulana au wasichana, na waliaga wakiwa na miezi mingapi. Halafu vuka uende kwao mama. Kasoro kadhaa kati ya zile kali zimo kwenye kromosomu X. Mama asiyeumwa humpa mwanawe wa kiume, kwa hiyo wanaotafutwa ni wajomba na wana wa mama wadogo. Wajaluo wana jina linaloonyesha njia: mke huitwa Nyar Alego, Nyar Gem, binti wa huko. Historia iko Alego, haiko kwenye boma alikoolewa. Na palipo na wake wenza, watoto wa mke mwingine wakiwa na afya hawathibitishi lolote kuhusu X ya mama huyu.

Mtoto akikonda hivyo, hakosi mzee wa kusema ni chira, kwamba mwiko umevunjwa. Kumbishia mbele ya mama hakusaidii. Tatizo ni kwamba lawama ya chira humwangukia mama, na sayansi ikielezwa ovyo inamthibitishia: ni wewe uliyempa. Mwambie kwanza kwamba kila mtu hubeba jeni zenye hitilafu, kwamba nyingine huzuka upya kwa mtoto mwenyewe bila mama kuwa nazo, na kwamba hakuna alichokula wala alichofanya. Mchoro wa ukoo uje baadaye.

Maabara sasa. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400, kwa hiyo mililita 4 ni asilimia 1, na binafsi sipendi kuvuka hapo kwa siku moja. Ukishuku nyutrofili haziui vijidudu, ugonjwa uitwao CGD, kipimo ni DHR. Mililita 2 kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini. Seli hutiwa rangi ya DHR 123, huchokozwa kwa kemikali ya PMA, hukaa nyuzi 37 kwa takriban dakika 15, kisha flo saitometa, mashine ya kusoma seli moja moja, husoma mng'ao. Nyutrofili nzima hung'aa. Za mgonjwa hubaki gizani. Mama mbebaji wa aina ya kromosomu X huonyesha vilima viwili, kimoja cha mng'ao na kimoja cha giza, maana kila seli yake imezima X moja kati ya mbili. Grafu hiyo humaliza ubishi mwingi.

Kinachoiharibu ni safari. Damu kutoka Busia au Migori ikipita saa 24, nyutrofili zinaanza kufa. Zaidi ya hapo kuna mazoea ya chanjo: muuguzi akiona kasha la kubebea, anaweka barafu. Barafu huua mng'ao, na mtoto asiye na CGD anaandikiwa CGD. Kasha likae nyuzi 18 hadi 25, pakiti ziwe za maji yasiyogandishwa, na lisifungwe nyuma ya boda jua la saa nane bila kufunikwa. Juu ya yote, iandamane na chupa ya pili, damu ya mtu mwenye afya asiye ndugu, iliyotolewa saa ile ile na kusafiri kasha lile lile. Hiyo nayo ikitoka giza, tupa matokeo yote mawili.

Kwa DNA mambo ni mepesi. Matone matano kwenye karatasi ya kuchujia, kama wauguzi wetu wafanyavyo tayari kwa watoto wa mama wenye virusi. Yakauke yakiwa yamelazwa, mbali na jua, angalau saa 4. Msimu wa mvua hapa ziwani bora usiku kucha. Kisha mfuko wenye pakiti za kunyonya unyevu.

Ugumu huja kwenye kusoma. Jeni za mtu mmoja zikisomwa sehemu zinazotengeneza protini, hutoka tofauti zipatazo 20,000, na kwa Mwafrika huzidi. Hazina za kulinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Tofauti iitwayo adimu huenda ni ya kawaida kabisa Siaya. Uadimu pekee usitangazwe kuwa ugonjwa. Iwepo pia seli iliyoshindwa kazi, na tofauti hiyo ifuatane na wagonjwa ndani ya ukoo.

Matibabu kwa ufupi: kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizo, ipo kila kliniki. Imunoglobulini, yaani kingamwili kutoka damu ya watoaji, ni miligramu 400 hadi 600 kwa kilo kila wiki 3 au 4, yaani gramu 4 hadi 6 kwa mtoto wa kilo 10, na hapo bei huwashinda wazazi wengi. Mtoto asiye na chembe T asiongezwe damu isiyopigwa miale ya kuzima limfosaiti. Limfosaiti za mtoaji zitamshambulia.

Wakati mwingine mtoto huaga kabla ya jibu kurudi. Karatasi yake ya matone isitupwe. Mama akishika mimba tena, kitabu chake cha kliniki kiandikwe kwenye ukurasa wa chanjo: BCG isubiri, polio ya matone na rota zisubiri, damu ya kitovu mililita 2 ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, limfosaiti zihesabiwe siku hiyo hiyo, chembe T ndani ya saa 48.