Siku moja maishani mwangu: chumba cha bibi, Tabata

Saa 11 na nusu alfajiri. Kabla ya chai napanga mkoba: tepu ya mita 30, tepu ndogo ya mita 5, pima maji, chaki, daftari la miraba, tochi ya kuingilia darini. Mimi ni msanifu majengo, na siku hizi kazi zangu nyingi si nyumba mpya. Ni watu wenye nyumba zao tayari, familia imekua, wanataka kuongeza. Leo naenda Tabata kwa familia inayotaka kuongeza chumba kimoja chenye choo na bafu ndani, kwa ajili ya bibi aliyeletwa kutoka Muheza mwezi wa pili. Magoti yamemchoka. Tangu afike analala chumba kimoja na wajukuu wawili wa kike.

Saa 2 kamili nimeshafika. Nyumba ni ya vyumba vitatu, imejengwa 2009, tofali za inchi 6, paa la bati, ukuta wa uzio, na geti upande wa kusini. Bibi amekaa kibarazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi nachora ramani, bibi. Fundi anakuja."

"Haya, chora vizuri. Miguu yangu haina tena nguvu ya kuzunguka."

Baba mwenye nyumba ananipeleka moja kwa moja uani, nyuma ya jiko. Ameshapiga vigingi, kamba imefungwa kuonyesha chumba kitakapokaa. Sijibu kitu kwanza. Kila nyumba naizunguka mara mbili, ya kwanza bila tepu, nikitafuta mambo mawili tu: upepo unaingilia wapi na maji yanatokea wapi. Dar hii nimeingia nyumba nyingi zilizoongezwa ambazo sebule inawashwa taa saa 6 mchana. Mtu alipata chumba kimoja akapoteza hewa ya vyumba viwili, na feni inazunguka usiku kucha ikisukuma joto lile lile.

Saa 3. Ndani ya kamba ya baba kuna mfuniko wa zege, umefunikwa na mchanga na beseni la kufulia. Tunauinua, mimi na kijana wa nyumbani. Shimo la choo, na lile la kunyonya maji liko hatua nne mbele yake. Chumba kingekaa juu ya yote mawili. Namweleza baba kwamba shimo likijaa, gari la maji taka halitakuwa na pa kuingiza bomba, na sakafu ya mama yake ingelazimika kuvunjwa. Zaidi ya hapo, chumba kingeziba dirisha la jiko. Amekaa kimya muda. Hii kamba aliipima mwenyewe Jumapili nzima, najua inavyouma.

Tunahamia ubavuni, mashariki, anapoegesha gari. Nafasi inatosha mita 4 kwa 6, na bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zinaonekana, kwa hiyo hatutabishana na jirani. Jua la jioni halifiki huku kwa sababu nyumba yenyewe inalizuia. Sasa hivi ni Juni, kusi linavuma, na nikisimama pale naliona likicheza na kanga kwenye kamba ya nguo. Dirisha moja litatazama kusini lipokee kusi, la pili mashariki lipokee kaskazi likianza mwezi wa kumi na mbili. Choo kitakaa mwisho wa kaskazini, karibu na shimo lile lile lililotukatalia uani: bomba la inchi 4, mita 7, likishuka sentimita 2 na nusu kila mita.

Gari je? Baba anaangalia geti, anaangalia gari. "Litalala mbele," anasema. "Mama kwanza."

Saa 4 na nusu chapati na supu ya maharage, mama mwenye nyumba hataki kusikia kwamba nina haraka. Hapo ndipo ninapoona kitu ambacho ramani ya zamani isingenionyesha. Bibi ananyanyuka kwenda chooni. Mkono wa kulia una fimbo, wa kushoto umebandikwa ukutani, anautelezesha taratibu kutoka kochi hadi kona, kona hadi mlango wa choo. Kwenye rangi ya krimu pameshatokea mstari wa hudhurungi, mwembamba na laini, miezi minne ya kiganja kimoja. Anapofika mlangoni anageuka ubavu, kwa sababu mlango una sentimita 70 na yeye na fimbo yake hawaingii pamoja. Kisha kuna kizingiti. Anasimama, anavuta pumzi, anainua mguu.

Akiwa ndani napima ule mstari. Sentimita 88 kutoka sakafuni. Naandika kwenye daftari: bomba la kushikia, sentimita 88. Milango yote sentimita 90. Hakuna kizingiti popote.

Saa 5 na nusu fundi mwashi anafika na koleo. Namwomba achimbe kashimo kadogo kwenye kona ya nyumba ya zamani tuone msingi umeenda chini kiasi gani. Kozi, yaani safu, mbili tu za tofali chini ya ardhi, halafu zege jembamba, jumla sentimita 55. Ardhi ni mchanga mwekundu, imeshikana vizuri. Msingi wa zamani haujakosea, ila mpya hauwezi kwenda chini yake pale vinapokutana, maana ukichimba kina zaidi ubavuni mwa ukuta uliobeba paa, mchanga ulioko chini yake utatafuta pa kukimbilia. Tunakubaliana: karibu na nyumba tunalingana nayo.

Tunapopishana ni kwenye kuunganisha kuta.

"Dada, tunatoboa ukuta wa zamani, tunafunga meno, unakuwa kitu kimoja."

Ni fundi mzuri, na hivyo ndivyo alivyofundishwa. Lakini nyumba hii imeshakaa, imemaliza kuzama kwake miaka mingi iliyopita. Chumba kipya kitazama kidogo, milimita chache, mvua za kwanza zikilainisha ardhi. Ukiwa umevifunga meno, tofali za huku zimeingia kati ya za kule, kimoja kinashuka kingine kinakataa, na ufa unapita katikati ya plasta kutoka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hadi sakafuni. Kila masika mwenye nyumba anapaka rangi, kila masika ufa unarudi. Mimi naacha nafasi ya sentimita moja kati ya ukuta wa zamani na mpya, inajazwa kitu laini na kuzibwa kwa silikoni nje na ndani. Ukuta mpya unasimama kwa nguzo zake. Fundi anakuna kidevu, anaupapasa ukuta kwa kiganja. Anauliza maji yatazuiwaje juu. Swali zuri kuliko yote ya leo, nalo linatupeleka darini.

Saa 6 na nusu, joto la bati. Kenchi zinazobeba bati ni za mbao za inchi mbili kwa nne, nzima, hazina mchwa. Sitazikata. Paa jipya litakuwa na mgongo wake, kenchi zake zitabebwa na nguzo mpya, na sehemu mapaa mawili yanapokutana litawekwa bati bapa pana, lenye mteremko wa kupeleka maji nje. Paa nyingi zinazovuja baada ya kuongeza chumba zinavujia hapo, kwa sababu bati lile lilifanywa jembamba, majani yakajaa.

Saa 8 niko ofisini kwangu Ilala, nakadiria. Kuta za kujenga, pamoja na ule wa kutenga choo, ni kama mita 18, kwa sababu ukuta wa nne ni wa nyumba yenyewe. Tofali za inchi 6 ni 10 kwa mita ya mraba ukihesabu na zitakazovunjika, hivyo pamoja na msingi ni kama 650. Na dirisha la pembeni la sebule ndilo litakalogeuka mlango. Lenta iko tayari juu yake, ni kukata ukuta wa chini tu.

Saa 9 na nusu baba anapiga simu. Fedha zilizopo zinafika kwenye lenta, kupaua hadi mwakani, nasemaje? Nasema tupunguze. Chumba kifupi kwa mita moja, kilichopauliwa, bibi alale humo kabla ya masika. Boma, kuta zisizo na paa, halimlazi mtu, na miaka ya bibi haisubiri. Anasema ataongea na mkewe. Namkumbusha pia kibali: hata kuongeza chumba kimoja kunahitaji kibali cha halmashauri, na tangu 2021 Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ingawa wengi bado tunasema Manispaa. Atafute nakala ya hati na ramani ya zamani, zilizobaki ni zangu.

Saa 12 na robo jioni ujumbe unaingia: wamekubali mita 5.

Saa 2 usiku, nyumbani, nimefungua kompyuta. Sakafu ya zamani iko sentimita 45 juu ya ardhi, kwa hiyo njia ya mteremko ya kumtoa bibi nje bila ngazi inahitaji mita 5 na sentimita 40, ikishuka kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili. Inaingia mbele ya nyumba, ikiishia karibu na geti. Limebaki dirisha la kusini. Kawaida naliweka mita moja kutoka sakafuni. Mchana, kabla sijaondoka, nilimwomba bibi akae kitandani kwa wajukuu, nikapima macho yake yanapofikia: mita 1 na sentimita 5. Nikamuuliza angependa kuona nini.

"Geti," akasema. "Nijue nani amerudi."

Naushusha mstari wa dirisha hadi sentimita 65, nahifadhi.