Siku moja na msaidizi wa kisheria wa Ngamiani

Saa 1:15 asubuhi. Ijumaa. Nafika ofisini Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, nakuta baiskeli tatu zishaegemezwa ukutani. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na printa ya kubembeleza. Tunapokea kila mtu, ila siku hizi wanafunzi ndio wanaojaza mabenchi: wa Chuo Kikuu Huria wanaosoma huku wakifanya kazi, na wa vyuo vya Dar, Dodoma na Morogoro waliorudi nyumbani likizo.

Wengi huniita wakili, nami kila mara nawarekebisha. Natambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kama msaidizi wa kisheria. Naelimisha, nasaidia kuandika barua, napatanisha, naelekeza mtu pa kwenda. Kusimama mahakamani kumtetea mtu siruhusiwi.

Saa 2:00. "Shikamoo dada." "Marahaba mwanangu, kaa." Binti wa mwaka wa kwanza, bahasha ya vyeti kifuani. Cheti cha kuzaliwa kinamwita Mwanaisha, cha kidato cha nne Mwanaasha, kitambulisho cha NIDA kimemwongezea jina la babu yake. Kote huko alipita bila kuulizwa, mpaka alipotaka kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ndipo karatasi zikagombana.

Kesi hii naijua kwa moyo. Majina yetu ya pwani kila karani huyaandika anavyoyasikia, na mzazi akipokea cheti anaangalia mhuri, haangalii herufi. Kama ni tofauti ya herufi, mara nyingi kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinatosha. Kama jina lenyewe limebadilika, hapo inatakiwa hati ya kubadili jina, iandaliwe na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Vishoka wanaozunguka nje ya maofisi hawakwambii tofauti hiyo, wanakuuzia ile ya bei kubwa. Nilimpa kazi moja tu: kabla ya kulipia chochote, akaulize Bodi inataka karatasi ipi, na jibu alipate kwa maandishi.

Saa 4:00. Chai ya tangawizi, mbaazi za nazi na mahamri ya jana.

Saa 4:30. Kijana wa Makorora kafungiwa chumba. Kodi imepitiliza miezi miwili, mwenye nyumba kaweka kufuli juu ya kufuli, na humo ndani mna kompyuta mpakato yenye utafiti wake wa mwisho. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiasi cha kodi ni mapatano yenu na mkataba ndio unaokulinda. Huyu mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Hata hivyo kukudai kodi hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kushikilia mali zako kwa kufuli.

Nikampigia mwenye nyumba nikijiandaa kwa vita. Kumbe ni bibi mjane, na chumba kile ndicho kinachomnunulia dawa za presha. Tukakutana wote kwa mwenyekiti wa mtaa: kijana alipe kwa mafungu mawili, bibi afungue leo leo, wote watie saini. Wanaharakati wenzangu hupenda kumchora mwenye nyumba kama zimwi. Mimi nimekutana na wachache wa namna hiyo.

Saa 6:30. Watu wanaelekea msikitini, barabara inatulia, naandika. Leo ni malalamiko ya mwanafunzi wa Chuo Huria aliyeachishwa kazi baada ya kuomba ruhusa ya mitihani. Kufukuzwa kazi kunapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na yeye muda mwingi ameutumia kumsubiri bosi apoze hasira. Zimebaki siku chache. Namwambia atoe nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, abaki nayo. Ninyi mnaokata rufaa chuoni kuhusu matokeo, hili ni lenu pia: barua isiyo na mhuri huko masjala, utathibitishaje kwamba uliipeleka?

Saa 8:30 mchana. Huyu kaingia hanitazami usoni. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilichelewa, akakopa elfu hamsini kwa programu ya simu. Programu iliomba kusoma majina yote kwenye simu yake, akabonyeza "kubali". Alipochelewa kulipa, ujumbe ukaenda kwa mwalimu wake, kwa shangazi, kwa imamu wa mtaani: huyu ni tapeli, na wewe umeandikwa mdhamini wake. Picha yake ikiwa juu.

Aibu hii imewafanya vijana wengine wakimbie chuo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo kwanza tunaangalia kama aliyemkopesha anatambulika. Pili, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko ya namna hii hii. Nilimzuia kufuta meseji. Tukapiga picha za skrini, tukaorodhesha namba na saa, tukaandika malalamiko. Aliuliza kama deni limekufa. Nikamwambia asilitegemee hilo. Utovu wa adabu wa mkopeshaji haulipi fedha aliyokula. Shangazi tulimpigia palepale, kwa spika. Alicheka, akauliza mbona hakuombwa yeye hiyo elfu hamsini.

Saa 10:15 jioni. Mlango nimeufunga. Binti, mkufunzi, na "njoo tuzungumzie maksi zako" hotelini. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalitaja jambo hili waziwazi kuwa kosa. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure. Kama atapiga au la, na lini, ataamua mwenyewe. Nimemwachia namba yangu.

Saa 2:20 usiku. Niko nyumbani Mikanjuni, simu inaita. Mama analia: mwanawe, mwanafunzi, kakamatwa kwenye ugomvi wa mpira, yuko kituoni, na kuna mtu kamwambia aandae laki mbili za dhamana. Namtuliza. Polisi wanatakiwa kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, na dhamana ya polisi hailipiwi. Aje na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa, tukutane nje ya kituo. Laki mbili aiache nyumbani.