Siku niliyoulizwa nyota zitamsaidia nini mtu wa Ahero

Hii ilikuwa 2018, mwaka ambao kila karatasi ya kuomba pesa ya serikali ilikuwa lazima itaje Ajenda Nne Kuu, chakula, nyumba, afya na viwanda. Mimi nilikuwa nafanya masta ya fizikia kwa chuo kimoja huku magharibi na nilikuwa nataka ruzuku ya kusoma nyota. Sio zile za kuangalia kwa macho. Nilitaka kusoma mawimbi ya redio yanayotoka kwa mawingu ya gesi kule nyota kubwa zinazaliwa, manake ndani yake kuna methanoli, aina ya alkoholi, inayotoa mawimbi makali kwenye masafa ya gigahezi 6.7, na hayo yanapita vumbi ambalo mwanga wa kawaida hauwezi kupita, kwa hivyo unapata kujua nyota changa iko wapi hata kama haionekani.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 680,000. Laptopu yenye nguvu, diski ya terabaiti 4, intaneti ya mwaka mzima, nauli ya kwenda Longonot mara mbili, na mwezi mmoja Afrika Kusini kujifunza mitambo yao. Kwa mradi wa astronomia hiyo si pesa, lakini karatasi zake zilinimaliza. Walitaka kotesheni tatu kwa kila kitu, nikazunguka Oginga Odinga Street pale Kisumu kutwa nzima nikiuliza bei ya diski moja ile ile kwa maduka matatu, wenye maduka wakinitazama kwa huruma kwa sababu walishajua sinunui, wa mwisho akanigongea mhuri bila hata kuniuliza jina. Usiku wa mwisho stima ikapotea. Nikachukua boda hadi Kondele kwa saiba iliyokuwa na jenereta, nikaprinti nakala tano, nikafika chuoni asubuhi sijalala.

Kabla pendekezo lipelekwe Nairobi ilibidi upite mbele ya paneli ya watu watatu. Aliyenitangulia alikuwa dada wa kilimo na utafiti wake wa kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi ya watu wetu, na nilimsikia kupitia mlango akiongea vizuri kabisa, paneli ikacheka naye, akatoka anatabasamu. Ule utafiti ulistahili, na nilifurahi kwa niaba yake.

Nikaingia. Nikaeleza dakika kumi. Mmoja wao, Prof mwenye umri wa mama yangu, akavua miwani akaniuliza polepole, "Kijana, hii kazi ni safi, lakini niambie, itamsaidia nini mtu wa Ahero ambaye mchele wake umekosa bei?"

Hakuwa ananidharau, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anauliza kwa dhati, na pesa zenyewe ni kodi ya huyo mtu wa Ahero.

Nikamjibu yale niliyokuwa nimeyakariri. Nikasema teknolojia inayofanya Wi-Fi isivurugwe na mawimbi yanayogonga kuta za nyumba na kurudi ilitoka kwa kina John O'Sullivan wa Australia, watu wa astronomia ya redio, na hesabu yake ilianzia kwa kutafuta mashimo meusi madogo yanayolipuka, mashimo hawakuyapata ila ile hesabu ikabaki na dunia nzima inaitumia. Nikaona wanaandika. Halafu nikasema kitu ambacho hakikuwa kwa karatasi. Niliwaambia tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, kwa jukwaa la Waitaliano, na kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya NASA. Ikatoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza ile kazi akapata Nobel 2002. Jina ni letu, bahari ni yetu, lakini pesa ilikuwa ya serikali ya Marekani, kwa hivyo data ilienda kwao, wanafunzi waliojifunza walikuwa wao, na sisi tukabaki na jina. Nikamwambia Prof, nisipopewa hizi laki sita mimi nitatafuta mahali pengine na pengine nitapata, lakini itakuwa tena ni vile vile.

Kukawa kimya. Yule mzee wa upande wa kushoto akauliza, "Na Longonot kuna nini?" Nikafurahi hadi sauti ikapanda. Nikamwambia pale kuna madishi makubwa ya kituo cha setilaiti kilichofunguliwa 1970 kwa ajili ya simu za kimataifa, kazi ambayo sa hii inafanywa na nyaya za baharini, na Ghana walichukua dishi kama hilo la mita 32 pale Kuntunse wakaligeuza darubini ya redio, na 2017 likasoma hiyo hiyo methanoli ninayoisema mimi. Kenya tuko kwa orodha ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwa mpango wa kugeuza madishi kama hayo kuwa darubini. Dishi bila watu wanaojua kusoma data ni chuma tu. Dakika zangu zikaisha hapo.

Sikupata. Barua pepe ilikuja baada ya miezi, mistari mitatu, haikutoa sababu. Nilichojifunza kuhusu redio baadaye nilifundishwa kwa mpango unaoitwa DARA, pesa ya serikali ya Uingereza pamoja na ya Afrika Kusini, na walimu wake nawaheshimu sana, lakini kila nikijaza fomu zao nilikuwa nakumbuka ile meza ya paneli.

Jioni ya siku ya paneli sikurudi hosteli. Nilienda Dunga kwa mjomba, yeye huvua omena, na kulikuwa hakuna mwezi kwa hivyo walikuwa wanatayarisha taa za kwenda ziwani. Nikamweleza yote huku namsaidia kukunja nyavu. Alisikiliza. Akauliza nimeomba pesa ngapi, nikamwambia, akatikisa kichwa, akasema hizo zinanunua mashua na injini na zinabaki. Nikafikiri na yeye ataniuliza itamsaidia nini.

Akaniuliza, "Hiyo dishi inaona hizo nyota hata mchana?"

Nikamwambia ndio mjomba, mchana kama usiku.

"Na mawingu yakifunga, kama leo?"

"Hata yakifunga. Mawimbi yanapita."

Akaangalia juu, hakukuwa na nyota hata moja, wingu lilikuwa limetoka upande wa Homa Bay limefunika ziwa lote. Akasimama hivyo muda mrefu, taa iko mkononi bado hajaiwasha. "Kwa hivyo sa hii ziko hapo," akasema, "zinaongea."