Nilivyozika maswali ya hesabu kwenye kopo

Tangu darasa la tano nilijua hesabu si zangu. Mama si zake, shangazi si zake, basi nikajua ni za kurithi, kama miguu yetu mikubwa. Kidato cha nne nikapata F, wala sikulia.

Nilipoamua kurisiti, kila mtu alikuja na neno moja: jiamini! Kaka mmoja wa mtaani anayejiita mhamasishaji akanielekeza nisimame kwenye kioo kila asubuhi niseme mara 10, "Mimi ni jembe la hesabu." Nilifanya mwezi mzima, jamani. Saa kumi na moja alfajiri, mafuta ya vitumbua yanachemka, mimi nabishana na kioo. Mdogo wangu akasikia, hadi leo ananiita Jembe. Mwezi ukaisha, nikafungua pasti pepa, swali la logi likanilaza chali. Sasa nikawa mjinga na mwongo juu.

Kilichonitoa ni makopo mawili ya maziwa. Nilitoa kopi pasti pepa za miaka sita (elfu tatu, nne hivi), nikakata swali moja moja kwa mkasi, nikajaza kopo la kwanza. La pili nikaliandika MAKABURI. Swali nikiliweza peke yangu mara mbili, siku tofauti, bila kuchungulia jibu, nalizika. Nilianza na seti na uwiano, vya mteremko, maana nilitaka kwanza nione maiti. Utamu wake! Yalipofika 30 nikawa naamka usiku kutikisa kopo. Yaliyogoma nikayachunguza: mengi yaliniangusha palepale, kwenye alama ya kutoa nikifungua mabano. Miaka yote nasema sina kichwa, kumbe sina mabano!

Mada ya matriki, zile namba za kupanga safu ndani ya mabano, usianze nayo, utakata tamaa bure.

Binamu yangu anayesoma ualimu alicheka. Akasema Albert Bandura, mwanasaikolojia, aliandika tangu 1977 kwamba mtu huamini uwezo wake zaidi kwa aliyoyatenda mwenyewe kuliko kwa maneno ya kutiwa moyo. Angeniambia kabla ya kioo.

Chumba cha mtihani nikaingia natafuta maiti zangu. Sehemu A ilikuwa na maswali 10, alama 6 kila moja. Matatu sikuyajua kabisa, nikayaruka bila jasho. Nimepata C.

Mama naye sasa anataka nimfundishe kupiga hesabu za kikoba chao. Nimemtafutia kopo.