Cheti baadae, kwanza shika kibodi

Vijana wengi hapa Unguja wananiuliza waanzie wapi kwenye usalama wa mtandao, na wengine washatafuta cheti cha kulipia kabla hawajagusa hata Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Mie nasema anza na mikono jamani. Laptopu ya kawaida yatosha, ramu GB 8 ukipata ndo bora, weka VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha kompyuta nyengine ndani ya kompyuta yako, ndani yake Kali Linux, yaani Linux yenye zana za kupima usalama, na pembeni Metasploitable, mashine iliyotengenezwa makusudi na matundu kibao ili watu wajifunzie, ila usiiache wazi kwenye intaneti. Bando likiwa dogo nenda Bandit, mchezo wa mazoezi kwenye tovuti ya OverTheWire, ni maandishi matupu, unaingia kwa ssh, yaani njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa amri, unaandika cat readme kusoma faili la readme, unapata paswedi ya hatua inayofuata, na hapo ndo Linux inakuingia kwelikweli. Halafu tafadhali sana, usijaribie kwenye wifi ya hoteli ya watu Nungwi wala mfumo wa skuli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika hadi huku Zanzibar, kuingia bila ruhusa ni kosa hata kama hujaiba kitu. Na kila amri unayoandika iweke kwenye daftari pamoja na jibu lake, maana kazini mteja anasoma ripoti, na ripoti utaiandika kutoka kwenye daftari hilo.